Mkaa mwekundu nao unaua, na betri yangu haikufika asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita gazeti lako lilichapisha makala ya kuwaelekeza wasomaji namna ya kuiandaa nyumba kwa siku ambayo umeme utakatika. Nia ilikuwa njema, na sehemu kubwa ya makala sina ugomvi nayo. Lakini nilipofika kwenye aya ya joto niliweka miwani mezani. Mwandishi anasema usiku wa baridi unaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani ilimradi mkaa uwe umeshakolea, umekuwa mwekundu na moshi umekwisha, kisha uzibe upenyo wa chini ya mlango ili joto lisipotee.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nimestaafu baada ya miaka 27 ya kupanda ngazi. Mkaa si kazi yangu. Ila ushauri huo niliwahi kuufuata, enzi za ujana wangu, mwaka wa pili wa ndoa. Umeme ulikatika jioni, baridi ikawa kali, tukaingiza jiko likiwa jekundu zuri, halina hata uzi wa moshi, tukalala. Usiku wa manane nikaamka kwenda haja ndogo. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikapiga hatua mbili, magoti yakakataa, nikaanguka na bega langu likaupiga mlango ukafunguka. Hewa ya ukumbini ndiyo iliyotuokoa. Mke wangu nilimburuta kwa mikono yote miwili huku nikitapika. Nisingebanwa na mkojo usiku ule, barua hii isingeandikwa.

Kinachoua hapo ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu hung'ang'ania pale oksijeni inapokaa kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu wengi wanaamini moshi ndio hatari, kwa hiyo moshi ukiisha na hatari imeisha. Mambo ni kinyume. Hewa inayopanda katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni yenye moto mkali, na ile hewa chafu ya kawaida inayotokana na kuungua hugeuzwa hapo hapo kuwa kaboni monoksaidi. Moshi ulikuwa unakuwasha macho ukakimbia. Ukiisha, sumu inabaki na mlinzi ameondoka. Na ukiziba mlango, umeifungia ndani pamoja na watoto.

Dalili zake zinafanana na mafua au uchovu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu akilala hazijui. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja na kuna kitu kinawaka ndani, toeni watu nje kwanza, maswali yaje baadaye. Kisha hospitali, hata kama wameanza kujisikia nafuu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, kiasi cha sumu hiyo kwenye damu huchukua saa 4 hadi 6 kupungua kufika nusu, lakini akipewa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa 1 au 1 na nusu.

Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege kanari kwenye tundu, kwa sababu ndege hulewa hewa hiyo kabla ya mtu. Waliendelea hivyo hadi mwaka 1986 vifaa vilipochukua nafasi ya ndege. Leo kuna kengele ndogo ya betri inayofanya kazi ya ndege yule, unaitundika ukutani karibu na chumba cha kulala. Anayechoma chochote ndani, iwe gesi, mafuta ya taa au kuni, aanze na kengele hiyo kabla ya kuwaza jenereta.

Hilo la mkaa nimelimaliza, sasa nije kwenye fani yangu, ambako makala haikusema uongo ila ilianzia mwisho. Imeanza na "nunua jenereta". Mimi nasema anza na kalamu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nimefunga inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwenye nyumba za watu nisiowakumbuka idadi, lakini ya kwangu niliifunga kwa macho. Mama mkwe alihamia kwetu mapafu yake yalipochoka. Alikuja na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuchuja oksijeni, ikimpa lita 2 kwa dakika. Nikanunua betri moja, volti 12, ampea-saa 100, ya risasi na asidi, nikaiunganisha na inveta, nikajipongeza. Mke wangu, ambaye ni karani wa hesabu na hapendi maneno, aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo betri itamfikisha Mama saa ngapi?" Nikamjibu kwa kifua mbele: "Hadi asubuhi."

Umeme ukakatika saa 3 usiku. Inveta ikapokea bila taa kupepesa, nami nikawasha na televisheni kuonyesha ubingwa. Saa 4 na dakika 10 inveta ikaanza kulia.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, yaani kifaa cha wati 1,200 kwa saa moja. Betri ya risasi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema, na inveta nzuri hujizima kabla haijafika chini. Zimebaki 600. Inveta yenyewe hula sehemu yake katika kugeuza umeme, tuseme zikabaki 520. Mashine ya Mama ilikuwa inakula wati 350 na televisheni wati 80. Gawanya 520 kwa 430, unapata saa 1 na dakika 12 hivi. Hata bila televisheni yangu ya ubingwa, isingezidi saa 1 na nusu.

Kilichomwokoa Mama ni mtungi mdogo wa oksijeni tuliopewa kwa ajili ya safari, unaotoa lita 680 za hewa iliyoshindiliwa ndani yake. Kwa lita 2 kwa dakika unakwenda dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama mshale wa mtungi kama mtu anayetazama mafuta ya gari njia isiyo na kituo. Saa 9 usiku, mshale ukiwa karibu na mstari mwekundu, shemeji yangu alifika na gari tukampeleka hospitali. Umeme ulirudi kesho yake mchana. Mama yu hai, na kila nikishika bisibisi ananiuliza, "Mwanangu, hiyo nayo ni ya hadi asubuhi?"

Wiki ile mke wangu alichukua kalenda ya zamani, akageuza nyuma yake, akachora safu tatu. Ya kwanza: vitu ambavyo vikizimika mtu anaumia. Ya pili: vitu ambavyo vikizimika maisha yanakuwa magumu. Ya tatu: vitu vya kusahau mpaka umeme urudi. Mbele ya kila kimoja akaandika wati zake, ambazo zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kifaa au chini yake, na saa kitakazotumika usiku mmoja. Mashine ya Mama: 350 kwa saa 10, wati-saa 3,500. Taa 3 za wati 7 kwa saa 5: 105. Ruta ya intaneti: 100. Simu 4: kama 60. Pasi, birika la umeme na hita zilikwenda safu ya tatu, na pasi ilipigwa mstari mara mbili, sijui kwa nini.

Tazama hesabu hiyo vizuri, Mhariri, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Taa, ruta na simu, yaani vitu vinavyofanya nyumba isiwe gizani wala isitengwe, ni wati-saa 265 kwa usiku mzima. Ile betri niliyoidharau ingezibeba karibu usiku mbili. Kwa nyumba isiyo na mgonjwa, isiyo na dawa za kuwekwa kwenye baridi, maandalizi ya umeme ni madogo kuliko tunavyotishwa. Na kwa nyumba yenye mashine kama ya Mama, ni makubwa kuliko fundi wako anavyokuambia. Tulilazimika kwenda kwenye betri ya lithiamu ya wati-saa 5,120. Hiyo unaweza kuitumia hadi asilimia 90, na baada ya inveta kula chake tunabaki na kama 4,100. Inatosha usiku na akiba kidogo. Tuliongeza na mtungi wa pili, maana betri nayo ni mashine, na mashine huharibika siku usiyoitaka.

Friji hatukuiweka kwenye betri, na nilibishana na mke wangu kwa hilo nikashindwa. Mlango ukibaki umefungwa friji hutunza baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Wanaoimaliza ni watu wa kufungua "kuangalia kama bado iko baridi". Mwenye insulini ndani asome karatasi ya dawa yake sasa hivi, kabla ya giza: aina nyingi zikishafunguliwa huvumilia joto la chumbani lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban siku 28, lakini za akiba zinataka nyuzi 2 hadi 8, na hazitaki kugandishwa.

Narudi kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo watu wanapochanganya. Umeme wa betri si wa kupashia joto chumba. Hita ya kawaida inakula wati 1,500. Kwa saa moja imekula kuliko betri yangu ya kwanza nzima hata kama ungeikamua mpaka tone la mwisho. Hakuna hita ya kufukuza baridi kwa betri ya nyumbani ya kawaida, anayekuambia ipo anauza kitu. Wala usidhani aliye na mtambo wa gesi wa kupasha nyumba amesalimika: mingi inasukuma hewa kwa feni ya umeme, feni ikisimama na joto limesimama. Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilipigwa na baridi kali na zaidi ya nyumba milioni 4 zikakosa umeme. Hesabu rasmi ya jimbo ilifika vifo 246, wengi kwa baridi, na miongoni mwao wamo waliouawa na ile ile kaboni monoksaidi, wakiwa wanatafuta joto.

Sisi tunapasha watu, nyumba tunaiacha na baridi yake. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Watu wanne kwenye chumba kimoja kidogo ni wati 400 ambazo hazidai mafuta wala betri. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa baridi familia yangu yote inahamia chumba cha Mama, magodoro chini, mapazia yameshushwa, mkeka au zulia chini ya godoro kwa sababu sakafu hunyonya joto kuliko hewa. Hapo kuziba upenyo wa mlango ni sawa, kwa sharti moja tu: hakuna kinachowaka ndani. Hakuna jiko, hakuna kandili, hakuna mshumaa. Na palipo na mashine ya oksijeni hata kiberiti hakiingii.

Kisha maji ya moto. Lita 2 za maji ya nyuzi 60 kwenye mfuko wa mpira, uliofungwa vizuri na kuvikwa taulo, zikipoa hadi nyuzi 30 zimetoa joto la wati-saa 70, na zote zimeingia kwenye blanketi na miguu, hakuna iliyokwenda kupasha dari. Maji tunayachemsha kwa gesi jikoni, dirisha likiwa wazi, kabla ya kulala, na mengine yanasubiri kwenye chupa ya chai. Usimimine yanayochemka, ngozi ya mzee na ya mtoto huungua bila wao kusema. Na wazee mwaangalie kwa macho, msiwaulize tu. Mama akiulizwa husema hana baridi hata vidole vikiwa kama chuma. Mtu akianza kutetemeka ovyo, kisha akaacha kutetemeka na maneno yakawa mazito, mwili wake huenda umeshuka chini ya nyuzi 35, na hapo hakuna blanketi la kubahatisha, ni kwenda kutibiwa.

Jenereta sijaisahau. Ina mahali pake, hasa umeme ukikatika kwa siku kadhaa. Makala yako ilisema iwekwe "mahali penye hewa", na msomaji ataelewa veranda. Veranda hapana, gereji hapana hata mlango ukiwa wazi. Iwe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, bomba la moshi likitazama mbali na nyumba, yako na ya jirani. Izime ipoe kabla ya kuongeza petroli. Na ukubwa wake usipimwe kwa wati za friji zilizoandikwa tu: mota ya friji ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kile inachokula ikiwa imeshatulia, na jenereta ndogo hukohoa ikazima. Petroli iliyokaa miezi mingi kwenye tangi huacha gundi kwenye kabureta, ndiyo maana jenereta nyingi huwaka dukani na hukataa siku ya shida.

Kuna kitu kimoja ambacho nikikikuta kwenye nyumba ya mtu nakikata kwa koleo bila kuomba ruhusa: waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Umeme huo hauishii ukutani kwako. Unatoka kupitia mita, unakwenda kwenye nguzo, unaingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma, na transfoma haijui kuwa umekuja kinyume. Inaupandisha, kwenye mitandao mingi hadi volti 11,000, na huko kuna fundi aliyepanda akijua laini imekufa. Niliwahi kuwa kwenye ngazi namna hiyo, kwenye waya wa nyumba tu, nimepima nikaona hakuna kitu. Nilipopima mara ya pili, kwa mazoea ya marehemu mwalimu wangu wa ufundi, taa ya kipimio ikawaka. Jirani alikuwa ameanza kufurahia jenereta yake. Inatakiwa swichi ya kugeuzia, ile ambayo mafundi tunaiita chenji ova, inayokata nyumba kutoka laini kabla ya kuiunganisha na jenereta. Afunge fundi mwenye leseni. Anayeona ni usumbufu atumie ekstensheni nene kutoka jenereta moja kwa moja hadi kwenye kifaa.

Jambo la mwisho halihitaji kununua kitu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa 1 jioni, mke wangu anazima swichi kuu. Haniambii atazima dakika gani. Tunakaa hivyo kwa muda wa saa 3. Mara ya kwanza tuligundua tochi ina betri zilizovuja, namba ya kampuni ya umeme imehifadhiwa kwenye simu isiyo na chaji, na pampu ya maji imesimama kwa hiyo bomba ni kavu. Tangu hapo kuna madumu mawili yamejaa siku zote. Mara ya pili tuligundua kuwa ufunguo wa kabati la mtungi anao binti yangu, naye hakuwepo. Mara ya tano hatukugundua chochote, tukacheza bao.

Ombi langu, Mhariri, ni moja. Chapisha masahihisho ya ile aya ya mkaa. Yawekwe kwenye ukurasa ule ule wa familia ilikotoka makala, juu, kwa herufi za ukubwa ule ule, na yatoke kabla majira ya baridi hayajaingia. Watu hukata makala za namna ile wakabandika jikoni. Mke wangu aliikata yenu pia, ila aliipiga msalaba kwa kalamu nyekundu kabla ya kuibandika.

Wako msomaji,
Fundi umeme mstaafu